Tarehe ya Kuumia

...lini, ananiuliza lini, kana kwamba masikio huanguka sakafuni kama sahani na watu wote chumbani wakageuka kutazama vipande, lini hasa, mama, siku, mwezi na mwaka, akaiweka ncha ya kalamu juu ya mstari wa fomu, na kabla sijafumbua mdomo simu yake ya mezani ikaita, nadhani iliita, kwa sababu mkono wake uliinyakua na kidole kimoja kikainuka kuniambia ningoje, na sasa kidole hicho kimesimama kati yangu naye nyuma ya kioo, chembamba, ukucha umepakwa rangi ya zambarau, nami nakitazama kwa hasira ambayo hakiistahili yote, kwa kuwa karani huyu hajanitenda lolote zaidi ya kusoma swali lililotungwa na wengine, watu waliodhani kwamba kuumia ni tukio, kwamba kuna asubuhi ya mtu mzima na jioni ya mtu mbovu, na katikati kuna saa inayoweza kuandikwa, ningekuwa nimenyofolewa kidole na mkanda wa mashine ningemjibu upesi, Jumanne, baada ya chai, mbele ya mashahidi, lakini mimi sikunyofolewa, mimi niligugunwa, kidogo kidogo, jinsi gunia linavyogugunwa na panya ghalani hadi siku unapoliinua na kushangaa wepesi wake, haya, niambie wewe msomi mwenye fomu, ni panya yupi aliyelimaliza gunia, na alilimaliza tarehe ngapi... "Mama," ameinama mkwe wangu, na ameinamia sikio la kushoto, lile lililokufa kabisa, miaka yote hii tangu amwoe binti yangu na bado hajui ni lipi lililobakiwa na uhai, nahisi joto la pumzi yake tu na vitunguu vya mchana, mpaka nigeuke niutazame mdomo wake ndipo maneno yanafika, "Mama, kwa heshima zote, si tulikubaliana? Mwezi wa nne. Akiiweka simu chini tu, sema mwezi wa nne," anauza matangi ya maji huyu mkwe wangu, na hunisemesha mimi kama mteja aliyekwisha kupewa punguzo na bado anasitasita, kwa adabu nyingi na haraka nyingi zaidi, na neno hilo, tulikubaliana, limenipanda kichwani, kwa sababu hatukukubaliana, walikubaliana wao wawili, yeye na binti yangu, jikoni, nami nikaja kupakuliwa mambo yakiwa yameiva, kwenye ukumbi wa nyumba yangu mwenyewe nikaketishwa kama mgonjwa, mama, tumefikiri hivi, mama, itakuwa rahisi hivi.

Rahisi, ndiyo, hebu nilipange jambo hili kwa mfuatano wake, maana hakuna anayenipangia, kila mtu hunipa kipande kilichomfaa yeye... daktari wa kwanza alikuwa mwaka jana, mwezi wa pili, yule mwenye kipara katika hospitali ya wilaya, aliyenifungia katika kijichumba na kunivisha kofia ya nyaya, akaniambia nibonyeze kitufe kila nitakaposikia mlio, nami nikangoja huo mlio kwa uaminifu wote, kidole tayari, nikamwona akizungusha kinobu cha kuongeza sauti, akazungusha, akazungusha tena, akanitazama kwa huruma, nikatambua kwamba alikuwa ananipigia milio muda wote huo, akatoka akaketi mbele yangu na kusema taratibu, huu si uzee, mama, hizi ni kelele, kazi yako ndiyo iliyoyala masikio yako, nenda ukawaambie waajiri wako, basi hiyo ndiyo siku yenyewe kwa mujibu wa bango lililobandikwa ukutani hapa, nimelisoma mara tatu tangu tuingie, kwa ugonjwa unaotokana na kazi muda huanza siku mfanyakazi alipoelezwa hivyo na daktari, na madai yawasilishwe ndani ya miezi kumi na miwili, na leo tumo katika mwezi wa tano wa mwaka unaofuata, kwa hiyo mlango umefungwa, umefungwa tangu mwezi wa pili, nami nimesimama nje kama mtu aliyefika msibani watu wakirudi kutoka makaburini... daktari wa pili ni wa mwezi uliopita, zahanati ya kulipia, mkwe wangu ndiye aliyenipeleka, akasema yaleyale kwa maneno mazuri zaidi na kofia mpya zaidi, na hesabu ya mkwe wangu ni kwamba tumfute yule wa kwanza, tuseme hakuwako, tuseme nilianza kujua mwezi wa nne, na madai yatakuwa mabichi kabisa, yatapokelewa, nitapata vile vifaa vya masikioni ambavyo siwezi kuvinunua kwa kuuza hata nyumba na kitanda, nitapata na malipo ya kila mwezi, maana mkataba wangu pale kiwandani haukurefushwa, walisema mashine mpya hazihitaji mikono mingi, na mwanamke wa umri wangu asiyesikia honi nyuma yake ataajiriwa na nani, niambieni, na nani... sasa karani anasema na simu, namwona mdomo, hajui kwamba nausoma, "Fundi aje na ngazi, ndiyo, maji yanashuka mpaka chumba cha kulala... hapana, hapana, wewe sema tu, sina haraka, niliye naye hapa ni mama mmoja, hasikii huyu, atangoja," na akanitabasamia, akanitabasamia meno yote, kwa wema kabisa, mdomo uleule uliomaliza kusema hasikii huyu, na kidole bado juu.

Hasikii huyu... kwa hiyo kioo ni ukuta kwako, mwanangu, kwa kuwa kinazuia sauti unadhani kimezuia kila kitu, ungejua umekaa mbele ya nani, mimi ni mfumaji, miaka yangu yote ya nguvu nimeitumia kati ya mashine zisizoruhusu neno kupita, na hatukuwa mabubu mle ndani, tulizungumza kutwa, tulitaniana, tulichumbiana, tulisengenyana kuanzia safu ya kwanza hadi ya mwisho, kwa midomo mitupu, bila sauti, kila neno likichorwa wazi usoni ili mwenzako wa ng'ambo alisome huku mikono yake ikiunga uzi uliokatika, na aliyenifundisha nikiwa msichana mgeni ni jirani yangu wa mashine, kijana mmoja mwenye mwanya, "Fungua mdomo kama unayemlisha mtoto uji," aliniambia, "usipige kelele, kelele hapa zinatosha, nionyeshe neno," na nilipofaulu kumtukana kwa mara ya kwanza safu mbili mbali alicheka hadi akakatisha nyuzi zake, kijana huyo akapanda, akawa kiongozi wa safu, akawa msimamizi wa ukumbi mzima, nasi tukampa jina Tutaona, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila ombi, ruhusa tutaona, viatu tutaona, na vile vizibo vya masikio ndiyo tutaona kuu, maana tuligawiwa asubuhi za ukaguzi, vya manjano, vizuri, laini, na jioni ndoo ikapitishwa tuvirudishe, hesabu kamili, ole wake aliyepoteza, na somo yangu, rafiki yangu wa mashine ya kulia, alikuwa akivitia vyake kwenye ndoo na kusema kwa midomo, haya, kwaherini, tuonane mwakani, tukacheka, Mungu wangu, tulicheka sana mle ndani... na siku ile umeme ulipokatika, hiyo ndiyo inayonichoma kila nikiikumbuka, mashine zote zikasimama kwa mpigo mmoja, ukumbi ukanyamaza, na sisi, safu nzima, tukaendelea na mazungumzo kwa midomo vilevile, bila sauti, kama samaki ndani ya chombo cha kioo, mpaka mama muuza chai akasimama mlangoni na birika lake, macho yamemtoka, akasema, "Nyie vipi, mnamteta nani leo mpaka mnaogopa kutoa sauti?" nasi tukaona ni kichekesho cha mwaka, mazoea bwana, mazoea yametuharibu, tukasema, wala hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini, kelele zikiwa zimekwisha, hatukuhitaji kurudi kwenye sauti, hakuna aliyejiuliza kwa sababu hakuna aliyekosa kitu, mtu hujua amepungukiwa anapokaa na waliokamilika, na sisi tulikuwa tumepungua pamoja, wote sawasawa, kama nguo zilizofuliwa katika karai moja, ni nani angeliona rangi ya mwenzake inapauka... basi muandike hiyo, muiandike kwenye mstari wenu, tarehe ya kuumia, siku umeme ulipokatika na watu wakacheka.

"Mama, tafadhali," ananigusa kiwiko mkwe wangu, "anakaribia kumaliza," na hamalizi, namsoma, bado wako kwenye godoro lililolowa... na nilimwambia, hili nataka liwe wazi kichwani mwangu hata kama halitakuwa wazi kwa mwingine yeyote, nilimwambia mwajiri, sikulala, kesho yake tu baada ya daktari wa kwanza nilisimama mbele ya Tutaona kati ya mashine yangu na ya somo, nikamwambia kwa midomo, kama alivyonifundisha mwenyewe, daktari amesema ni kelele za hapa ndani, niandikie taarifa ipelekwe ofisini, naye akanishika bega, akanijibu kwa midomo vilevile, "Dada yangu, pole sana, tutaona, tumalize kwanza hizi sare za shule," zikaisha sare za shule yakaja mashuka ya hospitali, yakaisha mashuka ikaja likizo ya meneja, ikaisha likizo, "Dada, hivi unaniamini au huniamini?" nikasema nakuamini, kwa nini nisimwamini, alipofariki mama yangu mtu huyu alibeba jeneza bega la mbele, na koti lake zuri, njia nzima katika mvua, akakataa kupokezana na mtu, mtu wa namna hiyo unamfikiriaje... na hapo, hapo ndipo, kwa sababu ya huyu binti na kioo chake na hasikii huyu, hapo ndipo kile kitu kinaponirudia, na leo sikisukumi, kije.

Kwenye mwisho wa ukumbi wetu kuna ngazi za chuma, na juu ya ngazi kuna chumba cha kioo anamokaa meneja asiumwe kichwa na kelele zetu, na ilikuwa mchana, miezi mitatu au minne baada ya mimi kusema, Tutaona alipanda, meneja ameketi ametupa kisogo, Tutaona amesimama mbele yake, yaani uso ametuelekezea sisi, ukumbi mzima, mwanga wa dirisha umempiga mdomoni, na akasema, akafungua mdomo vizuri kama anayemlisha mtoto uji, maana mazoea hayo hayamtoki mtu hata akipanda ngazi ngapi, alichosahau ni kwamba sisi tuliobaki chini hatujayasahau pia, akasema, "Yule mama wa masikio nimemtuliza. Haandiki popote, ananisubiri mimi. Namvuta hivihivi mpaka mwaka upite, ukishapita hana kesi," na meneja akatikisa kichwa kukubali, na mwisho wa safu mtu mmoja akaacha uzi wake, na mwingine, na somo yangu akanigeukia, "Umeona?" nikamwambia nimeona nini, "Usinifanye mimi juha, umeona?" nikasema sikuona, nilikuwa naunga uzi, naye akaiacha mashine yake ikipiga bila kuangaliwa, akasema, "Haya. Siku utakayoona, niite. Mimi nimeona kwa macho yangu haya na sijayauza"... na nilikuwa nimeona, ndilo jambo lenyewe, nilikuwa nimeliona kila neno kama lilivyochorwa, nikajiambia anamzungumzia mama mwingine, ingawa hapakuwa na mama mwingine, nikajiambia labda kivuli, labda macho nayo yamechoka, kwa kuwa ilikuwa nyepesi zaidi kuyashuku macho yangu kuliko kulishuku bega lile lililombeba mama yangu mvuani, na tangu hapo kila mtu amenisaidia kuyashuku, umesikia vibaya, mama, si hivyo alivyosema, mama, umechanganya, mama, benki umechanganya, dukani umechanganya, kwa binti yangu umechanganya, mpaka mtu mwenye akili zake timamu anakaa mbele ya fomu na kukubali afundishwe tarehe na muuza matangi.

Sikuchanganya... hebu tulia, uipange hasira yako, usiimwage yote chini, fuata jambo kwa mfuatano wake... nikisema mwezi wa nne, kama anavyotaka mkwe wangu, ofisi hii itawaandikia kiwanda, na barua itapanda ngazi zilezile za chuma hadi chumba kilekile, na Tutaona ataisoma na kufurahi, kwa sababu anajua nilikwenda hospitali ya wilaya, yeye ndiye aliyenipa ruhusa ya siku ile, na hospitali ina kumbukumbu zake, atangoja niape kwanza, mtaalamu wa kungoja, kisha atasema kwa masikitiko makubwa, dada yetu huyu tunampenda lakini alijua tangu mwaka jana, na hapo nitakuwa nimechelewa na nimekuwa mwongo pia, na kuchelewa kwenyewe kutakuwa kwangu, mali yangu halali, hakuna atakayeuliza nani alinichelewesha, uongo wa mkwe wangu ungemsafisha Tutaona kuliko sabuni yoyote... na nikisema mwezi wa pili, mwaka jana, nikasema na kwamba kesho yake nilimwarifu msimamizi mbele ya watu, basi tusome bango hadi mwisho, mstari wa chini kabisa, herufi ndogo, madai yaliyochelewa yatazingatiwa endapo mwajiri aliarifiwa kwa wakati au ipo sababu ya msingi, nilimwonyesha mkwe wangu tulipoingia, akasema, "Hayo ya chini ni ya kupambia ukuta, mama, huko hawafiki," hawafiki kwa sababu hakuna anayewapeleka, na sababu yangu ya msingi ina mwanya katika meno na cheo juu ya ngazi, na mashahidi wake ni safu nzima, wakubwa wa ofisi hii watasema mnawezaje kuwa mmesikia, viziwi nyie, kati ya mashine mia na kioo juu yake, nasi tutasema hatukusikia, mheshimiwa, tupange kwenye ukumbi wako, uwashe kelele zozote unazozitaka, umsimamishe mtu yeyote nyuma ya dirisha aseme lolote limjialo, kisha utuulize... somo atakuja, bado yupo kazini na ana watoto wa kusomesha, sitamlaumu akikataa, lakini hatakataa, namjua, amekaa mwaka mzima anangoja mimi niache kujifanya kipofu juu ya uziwi wangu.

Mkwe wangu amenigeuza bega sasa, amethubutu kunishika, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aje kuposa, "Mama, nakuomba, kwa ajili ya watoto, usije ukasema mengine," uso wake umelowa jasho, na kwa mara ya kwanza leo simkasirikii, anaogopa tu, anapenda na anaogopa, na hasira yangu imekwisha kumpita, imempita na huyu binti na godoro lake, imetoka kwenye kidole kilicho mbele yangu na kwenda mahali inapopajua, ngazini, na haitetemeki tena, ni ajabu jinsi isivyotetemeka... simu ingali shavuni pake, kalamu ingali juu ya mstari, kidole kingali kimeinuka, fundi bado hajapatikana, na nitangoja, muda huu wa kungoja ni wangu, hakuna anayenivuta, na akiiweka simu chini nitasema mwezi wa pili, mwaka jana, na jina la kila aliyeniona nikisema na jina la aliyesema amenituliza, na kama sauti itatoka kubwa kupita kiasi, maana siku hizi siwezi kuipima, binti yangu hunionyesha kwa kiganja niishushe nami huishusha hadi watu wakaniinamia, basi leo sitaishusha, ipite kioo, iende hadi foleni ya mwisho mlangoni, waliyachukua masikio wakaniachia sauti isiyo na kipimo, na waisikie.